Bawa Juu ya Bafu la Mama Mkwe

Bafu la nje halihitaji paa. Ndivyo nilivyomjibu mama mkwe wangu kwa miaka mingi, kila alipotuma neno kwamba la kwake linahitaji. Nilikuwa na sababu za kifundi. Jua linakausha sakafu, mvuke unapata pa kutokea, na mvua ikinyesha mtu anasuuzwa bila kuchota maji. Nilisoma shule ya ufundi hapa Likasi mpaka nikapata diploma ya sekondari, kisha nikafanya kazi ya ajusta katika karakana ya kampuni ya shaba, nikichonga vyuma na kuvipima, mpaka mvi zikaniota. Kwa hiyo watu huniamini ninapoeleza kwa nini kazi fulani haina haja ya kufanywa.

Majibu yangu hayakumfikia moja kwa moja. Kwa watu wa kwetu, mwanaume na mama mkwe wake wamefungwa na bukwe. Humtazami usoni, humpi mkono, huli mbele yake, na ukimwona anakuja njiani unaingia majanini mpaka apite. Si chuki. Ni heshima ya juu kabisa, ingawa mgeni akiitazama kwa mbali anaweza kudhani mmoja wenu ni mwizi. Mkiwa na la kusema, mnalisema kwa mtu wa tatu, hata kama mmekaa karibu na kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri. Kwetu mtu wa tatu alikuwa mdogo wake mke wangu, ambaye anauza vipuri vya pikipiki sokoni na hana haya hata kidogo. Na shemeji hakuna bukwe, ni utani tu. Yeye alinitania kwa niaba ya ukoo mzima, kwa kuwa mama yake hakuruhusiwa.

Mama mkwe ni mama wa maombi. Alipookoka aliacha pombe, akaacha dawa za miti, akaacha hata kwenda kwenye matanga yenye ngoma. Bukwe hakuiacha. Alisema amesikia Biblia ikisomwa yote na hakuna mahali Mungu anapomruhusu mkwe kumzoea.

Siku moja alichoka na sababu zangu. Akatafuta bashe mwenyewe, turubai kubwa la rangi ya chungwa, la aina ambayo wachimbaji wa madini hutumia kujikinga na mvua kwenye mashimo. Lilikuwa na tundu pembeni, akalishonea kiraka cha kijani, akampa shemeji aniletee. Ujumbe ulikuwa mfupi: paa limepatikana, sasa anatafutwa fundi.

Kwa bahati mbaya bashe ile ilifika wakati ninatafuta kitambaa cha bawa.

Nilikuwa ninatengeneza ndeke, yaani ndege. Ndivyo tunavyosema huku kwetu, ya angani na ya kwenye mti, zote ndeke. Nilipotoka kazini, au niseme kweli, kazi ilipotoka kwangu, nilikaa nyumbani na vifaa vyangu na mikono inayowasha. Wazee wenzangu walianza kufuga. Mimi nilianza kutazama video kwenye simu: wazee wa nchi za mbali, wenye vipara na matumbo, wanatengeneza ndeke ndogo za mtu mmoja katika gereji zao, kisha wanaruka juu ya mashamba ya ngano huku wake zao wakipiga makofi. Nilitazama matumbo yao, nikatazama langu. Nikaona hii si kazi ya malaika.

Injini niliitoa kwenye gari la zamani la Kijerumani, lile dogo lenye mgongo wa kobe na injini nyuma, lililokuwa limeota majani katika uwanja wa nyumba moja ya enzi za Wabelgiji. Ilikuwa na silinda nne, nzito mno kwa ndeke kama yangu, nikaikata katikati. Watu hawaamini kwamba injini ile inakatika na bado inafanya kazi, lakini inawezekana, mradi uzibe vizuri ulipokata. Nusu ilikwenda kwenye ndeke. Nusu nyingine ilibaki jikoni, mke wangu akaitumia kuuzuia mlango usijifunge. Alikuwa akiwaambia wageni kwamba ile nusu yake ndiyo pekee iliyopata kazi.

Mifupa ya bawa ilikuwa mabomba ya aluminiamu ya kumwagilia maji, kutoka shamba kubwa lililokufa. Mbavu zilikuwa za mianzi. Panga la mbele, lile linalozunguka na kuvuta hewa, nililichonga kwa mulombwa, mti wetu mwekundu wa kutengenezea vitanda, ubao juu ya ubao kwa gundi, mpaka maranda yake mekundu yakajaa uani na kuku wakawa wanayachakura kila asubuhi bila kukata tamaa. Kiti kilikuwa cha plastiki, cha aina inayokodishwa kwenye arusi, nikakikata miguu.

Uzito ulikuwa adui. Nilipima kila kipande, mwisho nikajipima mwenyewe, nikaona adui mkubwa ni nani. Nikaanza kula nusu ya bukari niliyopakuliwa. Mke wangu alidhani nimepata mahali pengine pa kula ugali. Nilipomweleza kwamba ni kwa ajili ya ndeke alisema afadhali angekuwa mwanamke.

Basi, nikaikunjua bashe ya mama mkwe uani. Ilitosha bawa la kushoto na la kulia, kama vile aliyeichagua alikuwa rubani. Nilimwambia shemeji kwamba ninaiazima tu, nitatafuta nyingine nikimaliza ndeke. Siku zile hilo ndilo lilikuwa neno langu. Paa la bafu, nikimaliza ndeke. Ukuta wa jikoni ulioanguka kwa mvua, nikimaliza ndeke. Ni neno tamu. Humfanya mtu amnyime kila mmoja haki yake na bado ajione mwema.

Shemeji alilitazama bawa, akakitazama kile kiraka cha kijani kwenye ncha ya kushoto.

"Shemeki," akasema, "ile siku mama atasikia, minye sitakuwa mutu wa tatu. Nitakuwa nimesafiri."

Mkuu wa mtaa alikuja kuangalia. Nilimuuliza kama kazi hii inahitaji ruhusa. Aliizunguka ndeke, mikono nyuma, akasema kwamba ikiwa chini haimhusu, kwa sababu si gari, na ikiwa juu haimhusu pia, kwa sababu mtaa wake unaishia kwenye mapaa. Kisha akaomba apigwe picha amekaa kwenye kiti.

Niliifanyia majaribio kwenye barabara ya zamani ya malori ya chokaa, upande wa Kakontwe, iliyonyooka vizuri na ambayo malori yameiacha. Siku ya kwanza niliikimbiza chini tu. Nusu ya injini ilinguruma, vumbi likapanda, watoto wakakimbia kando, nami nikajisikia kuwa mtu wa kasi kubwa mpaka mwenye baiskeli aliyebeba magunia ya makala, yaani makaa, aliponipita. Alinisalimia kwa adabu alipokuwa sambamba nami.

"Kama inakatala kupanda," shemeji alisema niliporudi, "tulombe ule wa makala akukokote."

Nilitaka mama mkwe aione ikipanda. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yangu ya kweli, kuliko wazee wote wa kwenye video. Aliwahi kusema mbele ya binti yake kwamba mikono yangu inaanza kila kitu na haimalizi kitu, na maneno yale yalinikaa kwa sababu yalikuwa sahihi. Nikamtuma shemeji amwalike. Angesimama mbali, chini ya miti, bukwe isingevunjika. Jibu likarudi kwamba hawezi kwenda kusimama barabarani kumtazama mkwe wake amekaa miguu wazi kwenye kiti kisicho na miguu. Atasikia mlio kutoka nyumbani, inatosha.

Nilichagua msimu wa baridi, asubuhi ya zile ambazo majani ya bondeni yana ukoko mweupe. Hewa ya baridi ni nzito, na hewa nzito hubeba vizuri, kwa hiyo nilipanga kuondoka jua linapochomoza. Injini ikakataa. Nusu ya injini ina kiburi cha injini nzima. Nilifungua, nikasafisha, nikafunga, nikafungua tena, na ilipokubali jua lilikuwa limeshapanda, saa ambayo kina mama wamekwisha kupasha maji kwenye jiko la makala na wanaingia kuoga kabla baridi haijarudi.

Mpango ulikuwa mdogo. Nipande kimo cha mti mfupi, niende moja kwa moja juu ya barabara, nishuke kabla barabara haijaisha. Lakini nilikuwa nimepunguza uzito kupita kiasi, wa ndeke na wangu. Miezi ya nusu bukari ikanilipa kwa pamoja. Ndeke haikupanda kimo cha mti mfupi. Iliruka kama kitu kilichokanyagwa mkia. Niliona barabara ikiwa nyembamba chini ya viatu vyangu, nikaona mwisho wake unakuja. Nilichotakiwa kufanya ni kurudisha kidogo mkono ulioshika wenzo wa petroli, injini ipunguze kasi, nishuke. Mkono haukurudi. Ulikuwa umeshika kama wa mtu mwingine.

Hapo nikafumba macho.

Niandike kama ilivyokuwa. Niliyafumba kama mtoto anayechomwa sindano, na sikuyafumbua. Nilihisi ndeke inainama kushoto, taratibu. Si mimi niliyeigeuza. Panga likizunguka mbele huvuta upande mmoja, na bawa nililolijenga lilikuwa na tabia njema, likageuka lenyewe kwa adabu na kuendelea. Fundi alikuwa hodari siku ile. Rubani alikuwa mzigo. Baridi iliniingia mpaka kwenye meno. Nilisikia bashe ikivuta nyaya zake, mlio mzito kama wa mtu anayehema usingizini. Chini nilisikia mbwa, kisha mtu anatwanga, kisha sauti ya mwanamke, mara moja, fupi, ikakatika katikati. Nilimwomba Mungu katika lugha ya mama yangu, ambayo sikuwa nimeitumia tangu azikwe.

Kisha petroli ikaisha, kwa kuwa nayo niliipunguza kwa ajili ya uzito. Kimya kile ndicho kilichonifumbua macho. Mbele yangu kulikuwa na shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa, linakuja juu. Nikavuta, kitu kikagonga, gurudumu moja likaondoka kwenda zake, nasi tukasota juu ya matuta mpaka tukasimama. Nilikuwa mzima. Kiti kilikuwa kimepasuka.

Watu walifika mbio kutoka kila upande, na kila mmoja aliuliza jambo lilelile: umeona nini huko juu? Ningeweza kusema sikuona kitu. Nilikuwa hata na muda wa kulifikiria jibu hilo, kwa sababu nilikuwa bado ninahema. Badala yake nikasema nimeona vilima vya upande wa Shinkolobwe, nimeona moshi wa viwanda ukilala, nimeona mabati ya mji mzima yaking'aa. Wakataka zaidi. Nikasema nimeona hata kuku juu ya paa la mtu. Mpaka leo sijui kuku yule alitoka wapi.

Mke wangu alifika wa mwisho, amechoka, magoti ya kitenge chake yana vumbi. Nikamwambia kwa sauti, ili wote wasikie, kwamba yeye nilimwona vizuri kuliko vyote, amesimama kando ya barabara akinipungia kitambaa cha kichwa.

Alikung'uta vumbi magotini.

"Ah bon, kumbe," akasema. Akaenda kuokota gurudumu.

Siku ile nilikuwa mfalme. Watu ambao hawakuwahi kunisalimia walininunulia soda. Nilieleza safari mara nyingi, na kila mara kuku alikuwa amenenepa. Jua lilipokuwa linateremka shemeji alikuja nyumbani. Aliketi bila kunitania, na hapo nikajua kuna jambo.

"Mama alikuwa mu bafu," akasema. "Ulipita juu ya kichwa yake."

Hakuwa na haja ya kueleza zaidi, lakini kwa msomaji asiye wa kwetu nieleze. Mkwe hapandi hata juu ya paa la nyumba ya mama mkwe akiwa ndani. Kukaa juu ya kichwa chake ni tusi. Kumwona akiwa hana nguo ni kitu kingine kabisa, hakina jina la kutajika mbele ya watoto. Ikithibitika kwamba mkwe aliona, hakuna kusafisha. Ndoa imekwisha, hata kama wajukuu wameshaanza shule. Na mpaka ithibitike kwamba hakuona, binti hawezi kumpikia mwanaume huyo wala kulala chini ya paa lake.

Mke wangu hakugomba. Alifunga nguo zake katika kitenge, akaniwekea makala ya kutosha karibu na jiko, akaiondoa ile nusu ya injini mlangoni kwa mguu. Mlango ukajifunga nyuma yake.

Nilijipikia bukari siku zile. Ilikuwa na madonge, nikaila yote, maana sasa sikuwa na sababu ya kupungua. Ndeke ilikuwa uani, bawa la kushoto limeegemea ukuta, kiraka cha kijani kikinitazama. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kupiga hesabu rahisi ambayo fundi yeyote angeipiga mapema: kama bashe ile ingekuwa mahali ilipotumwa, ningepita juu ya paa la chungwa, na mama mkwe angemaliza kuoga.

Jambo lilisikilizwa Jumapili baada ya ibada, uani kwa mama mkwe. Walitundika kitenge kwenye kamba ya nguo. Yeye na mke wangu walikaa upande mmoja, mimi upande mwingine, kwenye kigoda, uso ukutani. Shemeji alisimama penye ncha ya kitenge, mahali pa kutuona wote. Hakuwa amesafiri.

"Mumwambie," mama mkwe akaanza, "kitu ya kwanza niliona ni bashe yangu."

"Mama anasema aliona bashe yake," shemeji akaniambia.

"Nimesikia."

"Weye haupashwe kusikia. Unangojea nikwambie."

Nikangoja, akaniambia tena. Nikajibu kwamba kwa bashe ninaomba radhi, sina la kujitetea. Mama mkwe akasema bashe si neno la leo. Alisema kwamba mji mzima unajua vitu nilivyoona siku ile: vilima, viwanda, mabati. Sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu anayepanga nyanya mezani, moja moja.

"Mumuulize," akasema. "Muntu aliona kuku juu ya paa, aliona nini ingine?"

Shemeji alinigeukia, na safari hii hakurudia swali.

Niliiona hali yangu vizuri, mimi ambaye sikuwa nimeona kitu kingine chochote. Nikisema sikuona, nitaulizwa kwa nini, na anayeuliza ni shemeji, ambaye kesho yake asubuhi atafungua kibanda chake sokoni. Safari ile ilikuwa kitu pekee nilichowahi kukimaliza. Nilikitazama kile kipande cha ukuta mbele yangu kwa muda mrefu. Hilo ndilo ninalolijutia, zaidi ya bashe, zaidi ya paa. Nyuma ya kitenge mke wangu alikuwa anangoja nimchague yeye au kuku wa kichwani mwangu, na mimi nilikuwa bado ninafikiri.

"Mwambie sikuona kitu," nikasema mwisho. "Nilikuwa nimefunga macho."

Shemeji hakulipeleka neno.

"Wapi?" akauliza.

"Juu."

"Kidogo?"

"Tangu mwisho wa barabara mpaka injini ilipozima."

Aligeuka polepole kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa. "Mama, anasema ule wakati wote alikuwa amefunga macho."

Mama mkwe akasema kwamba hayo ni maneno ya kujiokoa. Hakuna mtu anayeendesha hata toroli macho yamefungwa, sembuse ndeke. Alisema hivyo na nikaona ana haki. Nilikuwa nimewapa ukweli wakati uongo ulikuwa umeshakomaa, na ukweli ukaonekana mtoto.

Ndipo mke wangu akazungumza, mara ya kwanza tangu tukae.

"Mama, ni kweli. Hakuona kitu. Aliniambia mbele ya bantu aliniona napunga kitambaa. Minye nilikuwa nimepiga magoti pa kando ya barabara, nasali, macho nimefunga. Kitambaa ilikuwa pa kichwa. Nilijua ile siku ile ile."

Alijua. Alikuwa ameokota gurudumu, amenisikiliza nikimnenepesha kuku, na alikuwa anajua. Kwa hiyo sisi wawili, tulioishi na ndeke ile uani mpaka ikawa kama mtu wa nyumbani, hakuna aliyeiona ikiruka. Mmoja alikuwa juu amefumba macho, mwingine chini amefumba macho. Aliyeiona vizuri, kwa raha yake, kutoka chini, katika mwanga mzuri, alikuwa mama mkwe wangu. Nilitaka aone, na aliona peke yake.

Shemeji alikuwa amekaa chini, kichwa katikati ya magoti, mabega yanatikisika. Nyuma ya kitenge palitokea sauti ndogo ambayo ningekuwa si mkwe ningeiita kicheko.

Hukumu ilitolewa. Bashe irudi kwenye bafu, kwa kuwa ndiko ilikokuwa inakwenda ilipopotea njia. Irudi ilivyo, na mabomba yake, na mianzi yake, asipewe fundi huyu nafasi ya kuanza kitu kipya.

"Na alete kuku," mama mkwe akaongeza. "Ule wa juu ya paa."

Bawa la kushoto peke yake lilitosha, likapandishwa na shemeji, kwa sababu mimi siruhusiwi kulikaribia bafu lile. Nilisimama nje ya ua, mgongo umewageukia, nikipiga kelele za vipimo. Ni refu kuliko bafu, kwa hiyo linapitiliza upande mmoja na kuku hulala chini yake, pamoja na yule wangu. Mke wangu, aliyerudi nyumbani siku ileile, ameniambia kwamba jua likipiga, ndani ya bafu kunakuwa na rangi ya chungwa, na mtu akioga anaonekana kijana. Sokoni sikuweza kupita kwa miezi. Wauza vipuri walikuwa wakiniona wanafumba macho na kunyoosha mikono pembeni, bila kusema neno.

Niliacha kosa moja la mwisho, na nalo ni langu. Upepo wa kabla ya mvua ulipokuja, shemeji alileta ujumbe kwamba paa linataka kwenda. Nilijua sababu. Bawa halijui kwamba limestaafu. Bado lina mgongo wake wa kupinda, upepo ukipita juu yake linanyanyuka. Dawa nayo niliijua: lipinduliwe, tumbo liwe juu, upepo ulikandamize badala ya kuliinua. Sikuitaja. Nikasema waongeze matofali juu yake. Nilikuwa ninapenda kwenda kusimama nyuma ya ua na kuisikia bashe ikivuta nyaya, mlio uleule wa mtu anayehema usingizini, ambao ndio kitu pekee nilichorudi nacho kutoka huko juu. Mwaka uliofuata wakaongeza matofali mengine. Mwaka huu tofali moja lilianguka karibu na beseni, karibu na mguu wa mama mkwe.

Nilikwenda siku hiyohiyo. Nikasimama nje ya ua, nikamwambia shemeji alipindue, nikamweleza namna ya kulifunga upya. Haikuchukua muda. Upepo ulikuja, bawa likatulia kama meza. Nilikuwa ninageuka kuondoka nilipomsikia mama mkwe ndani ya ua, anamwambia mwanawe aniulize kama huko juu kulikuwa na baridi.

"Mama anauliza, kule juu baridi ilikuwa?"

"Mwambie ilikuwa nyingi," nikasema. "Mwambie yeye ndiye aliyeona. Ilikuwa namna gani?"

Nilisikia anasogeza beseni.

"Mumwambie ilipita polepole," akasema. "Jua ilikuwa mu bashe, kiraka yangu ilikuwa inaonekana. Ilikuwa muzuri. Miguu yake ilikuwa inaning'inia kama ya kuku."

Nilikuwa nimemsikia mwenyewe, kila neno. Lakini nilisimama palepale, nikangoja shemeji anifikishie, ili nisikie mara ya pili.